Maziwa ya Bluu

Siku mliyoniaga pale studio, katikati ya keki na soda, Fidèle alisimama akasema, "Mama Shabani, wewe utaenda na vitu yote kichwani, sisi tutabaki tunabonyeza-bonyeza tu. Utuandikie kidogo, sha." Mlicheka, nami nikacheka, lakini neno lile lilinikaa. Sasa niko nyumbani Nyamirambo, macho yamechoshwa na skrini, na asubuhi ni ndefu mno kwa mtu asiyependa kusengenya majirani. Basi naandika. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini siyaweki hapa, hayo mnayajua kuliko mimi. Nitaandika jinsi kazi ilivyonifundisha, na nitakawia kidogo kwenye ile gusaba, sherehe ya posa, iliyonipeleka hospitali na laptopu kwapani.

Wengi wenu mnadhani nilisomea kazi hii. Mimi nilikuja studio kupima mapazia. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, nami nilirithi cherehani yake na wateja wake wachache. Déo, mwenye studio wakati ule, alitaka pazia zito la kufunika dirisha la chumba cha kuhariri, maana jua la mchana lilikuwa linamharibia rangi. Nikawa napima dirisha, naye yuko kwenye kompyuta anahariri harusi. Nikachungulia begani kwake, nikamwona mama mmoja ninayemfahamu.

"Gauni la huyu mama si la kijani hivyo," nikamwambia. "Nimelishona mimi mwenyewe. Ni la rangi ya zeituni."

Déo hakugeuka. Alisogeza kitu fulani kwa kipanya, polepole, gauni likawa linabadilika. "Hapa?"

"Bado."

"Hapa?"

"Hapo hapo."

Ndipo akageuka kunitazama. "Madamu, maliza pazia. Halafu kesho urudi bila futi yako."

Nikarudi. Futi nilikuja nayo, kwa kuwa sikumwamini.

Déo alikulia Bujumbura, Mkatoliki wa misa ya alfajiri, Kiswahili chake kimechanganyika na Kifaransa hata alipokuwa amekasirika. Studio ilikuwa ghorofani karibu na Sonatubes, na kelele za pikipiki zilipanda mpaka kwetu, kwa hiyo sauti tulizirekebisha kwa kuvaa vipokea sauti masikioni na kusali. Meza ilitengenezwa na maseremala wa Gisozi. Ilikuwa meza imara sana ila mguu mmoja ulikuwa mfupi, na Déo aliukunjia kadi za mwaliko wa harusi mpaka ukatulia. Kompyuta ilikuwa nzito kama mtu aliyeamshwa usingizini. Ukiiambia itoe filamu, unakwenda kununua mandazi, unakula, unaongea na muuzaji habari za watoto wake, unarudi, bado.

Kwa muda mrefu hakuniruhusu kugusa efekti. Nilikuwa nakata tu. Nakata wazee wanaokohoa, nakata mpigapicha anayepita mbele ya kamera, nakata mjomba aliyeshika kipaza sauti akasahau kukirudisha. Nilichoka. Siku moja nikamwambia kwamba hata mimi naweza kuweka mwanga na rangi, si ni kuvuta tu efekti na kuiangusha juu ya kipande? Akaniachia kiti.

Nikaangusha. Nilianza na ile inayoifanya picha ionekane ya sinema, kwa kuwa ndiyo nzuri. Halafu nikaongeza mwanga, halafu nikaanza kuwatoa watu ukijani kwenye nyuso. Kila nilichoongeza kilizidi kuharibu. Nyuso zikawa na mabaka, weupe wa shela ukaungua.

"Mwamini," akaniita kwa jina langu, "baba yako alipiga nguo pasi kwanza, halafu akaifua?"

"Hapana."

"Sasa mbona hii picha umeipiga pasi ikiwa chafu?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba efekti zina foleni, kama mafundi waliopangwa mstari. Programu haizipokei zote kwa pamoja. Inachukua ya kwanza, inaifanyia picha kazi, halafu inampa wa pili picha iliyokwisha kubadilishwa, naye wa tatu vilevile. Wa kwanza akiuchoma weupe, wa pili hana weupe wa kurekebisha, hata awe hodari vipi. Kwa hiyo unaanza kwa kuondoa kasoro ya kipande chenyewe, kila kipande na kasoro yake. Ukishavifanya vipande vyote vifanane kama ndugu, ndipo unalaza leya moja tupu, yaani tabaka, juu ya vyote, na ndani ya leya hiyo unaweka urembo. Urembo ni wa wote. Kasoro ni ya kila mmoja peke yake.

Na hapa Kigali kasoro yetu kubwa ni hema. Watu wa nje wanaokuja kutufundisha hawalijui jambo hili, nasi tumezoea mpaka hatulitaji. Kwenye gusaba, ukoo wa kijana unaokuja kumwomba msichana unakaa upande mmoja, ukoo wa msichana unakaa upande wa pili, wanatazamana. Kila upande una hema lake. Wenye kukodisha mahema wanapenda rangi, Mungu awabariki. Jua likipita kwenye kitambaa, linashuka na rangi ya hema na kuwapaka watu. Unakuta ukoo wa kijana wote wamekuwa wa waridi kama waliotoka kuoga maji moto, na ukoo wa msichana wamekuwa wa zambarau kama waliofariki. Halafu msichana anatoka, anapita katikati kwenye jua kamili, anaingia kwenye hema la pili. Rangi tatu kwa hatua chache. Déo alikuwa na neno moja tu la kazi hiyo, "Kwanza toa hema," na alilisema kila Jumatatu, bila salamu.

Na hema unalitoaje? Unatafuta ndani ya picha kitu ambacho rangi yake hakuna anayebishana nayo. Wengine hutumia shati jeupe, lakini mashati ya wajomba mnayajua. Déo alitafuta maziwa. Pasipo maziwa gusaba haijakamilika, na maziwa hayana mtindo wa mwaka huu wala wa mwaka jana. Ukimwona mtu ameshika glasi ya maziwa, unayafanya yawe meupe, na kila kilichomo ndani ya hema lile kinarudi mahali pake chenyewe.

Miaka ikapita na mitindo yake. Nimeweka mioyo inayoruka. Nimemtoa bibi harusi kwenye ua la waridi linalofunguka. Nimewaweka bwana na bibi harusi ndani ya glasi, ndani ya mwezi, na mara moja, kwa ombi la familia, ndani ya televisheni iliyokuwa ndani ya televisheni. Sikuona aibu. Mtu akifurahi, kazi imefanyika. Déo alipozidiwa na mgongo akaenda kuishi kwa binti yake Huye, aliniachia kiti na ile meza ya Gisozi. Alinipigia simu kila Jumatatu kwa muda mrefu, na nilijua atasema nini kabla hajasema. Nampenda yule mzee. Sijui kama niliwahi kumwambia, kwetu mambo hayo hatuambiani.

Sasa nifike kwa Aline.

Aline alikuwa mwalimu wa chekechea, binti mpole, anaongea kama anayeogopa kuwaamsha watoto. Familia yao ilirudi kutoka Burundi, kwa hiyo Kiswahili kwao ni cha nyumbani. Gusaba yake ilifanyika Kicukiro wakati mama yake, Consolata, amelazwa hospitali akingoja upasuaji wa tumbo. Walitaka kuahirisha, mama akakataa katakata. Alisema ng'ombe wa watu hawawezi kungoja tumbo lake.

Lakini kabla hajalazwa, alikuwa amekwenda mwenyewe mjini kuchagua kitambaa cha mushanana, vazi la sherehe la kufungwa begani, wa binti yake. Alichagua rangi ya tunda la kinyomoro lililoiva, ule wekundu wenye uchungwa ndani yake. Wifi yake Venantie, shangazi wa Aline, alitaka rangi ya dhahabu, na walivutana mpaka wakatoleana maneno. Mwishowe kikanunuliwa cha mama. Halafu mama akalazwa, na nani akawa anakaa naye hospitali, anamfulia, anampikia, analala kwenye mkeka chini ya kitanda, isipokuwa siku ya gusaba tu? Venantie.

Baada ya gusaba ndugu wakatuma picha za simu. Hema la ukoo wa msichana lilikuwa la bluu. Kwenye picha zile mushanana umekuwa wa kahawia, rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa. Consolata akatazama moja, akatazama nyingine, akarudisha simu. Akasema kile si kitambaa chake. Akasema Venantie amengoja alale kitandani ndipo ambadilishie. Tangu hapo hakuongea naye tena, na uji wake hakuupokea. Aline alimpelekea mushanana wenyewe, akamwekea mapajani. Mama akasema nguo inaweza kukaa kabatini isivaliwe, yeye anataka kujua mtoto alivaa nini siku ile.

Aline akaja studio kuomba kipande kifupi haraka. Mimi sikuwapo, nilikuwa msibani. Fidèle alimfanyia kwa moyo mweupe, na hili naliandika mbele yake kwa kuwa ameshanipa ruhusa. Alirekebisha kipande kimoja cha upande wa bwana harusi, ambao hema lao lilikuwa la rangi ya maziwa ya mgando, akanakili efekti zake akazibandika kwenye vipande vyote, vya hema la bluu pia, kisha akalaza juu yake ile efekti ya sinema inayovuta vivuli kuelekea ukijani. Kwa haraka yake ilipendeza. Nyuso zilipendeza, ng'ombe walipendeza. Mushanana ukawa kama matope. Mama alipoonyeshwa, aligeukia ukutani.

Niliporudi nilimkuta Aline kwenye ngazi zetu, hataki kuingia ndani kwa kuwa analia.

"Tantine," akaniambia, "hakuli. Anakula kile mimi naleta jioni, kidogo tu, lakini mchana mimi niko kazini. Daktari amesema bila nguvu hawawezi kumpasua. Na shangazi iko palepale, anakaa na chupa ya uji, anangoja. Kila siku anapika, kila siku anamwaga."

"Kitambaa kiko wapi?"

"Iko nyumbani."

"Kilete."

Akaleta, kwenye mfuko wa plastiki ngumu, kimekunjwa vizuri. Nikakitundika dirishani, nikafungua pazia langu mwenyewe, mwanga wa mchana ukaingia. Wallahi, kilikuwa kitambaa kizuri. Mama yule ana jicho. Nikafuta kila efekti iliyokuwapo, nikabaki na picha tupu kama ilivyotoka kwenye kamera. Fidèle akavuta kiti akakaa nami, hatukulaumiana. Tukavipanga vipande kwa hema: vya bluu mahali pao, vya upande wa pili mahali pao, vya juani mahali pao. Kisha tukatafuta maziwa.

Tuliyapata. Aline amesimama chini ya hema la bluu, ameshika glasi ya maziwa ya kumpelekea bwana harusi, na mushanana unamwangukia begani. Kitu kimoja kando ya kingine. Nikarekebisha kipande kile kwanza, nikawa nakwenda dirishani na kurudi, nikitazama kitambaa, nikitazama skrini. Halafu nikanakili rekebisho lile kwenye vipande vya hema la bluu tu. Vya hema la pili tukavipa rekebisho lao. Juu ya vyote tukalaza leya moja yenye urembo kidogo sana, joto kidogo tu. Fidèle akauliza tuongeze? Nikamwambia mgonjwa hahitaji sinema.

Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imekaribia na kompyuta ilikuwa bado inahangaika kutoa filamu. Sikutaka Aline aende mikono mitupu. Kazi yenyewe nilikuwa nimeinakili kwenye laptopu, efekti zake zote bado zinagusika, basi nikaifunga, nikaiweka kwapani, tukapanda pikipiki mbili, yeye na mfuko wake wa kitambaa, mimi na Bismillahi zangu kila kona.

Consolata alikuwa mwembamba, kilemba amekifunga vizuri hata hivyo. Karibu na dirisha, kwenye kigoda, alikaa mama mnene mwenye sweta, mikono juu ya chupa ya uji. Sikuhitaji kutambulishwa. Alinisalimu kwa macho tu, akainama.

"Maman, huyu ni tantine wa studio," Aline akasema. "Amekuja na video."

"Ingine?" akauliza Consolata. "Nimeshaona picha za simu, nimeona na video ya kwanza."

Nikamwamkia, nikaomba nikae kitandani miguuni pake, nikaweka laptopu juu ya shuka. Nikamwonyesha. Binti yake akatoka akiwa amezungukwa na wenzake, mushanana unawaka kama kinyomoro hasa. Alitazama bila kupepesa. Nikangoja uso ulegee. Haukulegea.

"Wewe mama unakaa na kompyuta," akaniambia, taratibu, bila hasira. "Ukitaka unanipa mimi ndevu. Mimi nitajua aje kama hiyo rangi haukupaka wewe? Umenionea huruma. Asante. Lakini haiko kweli."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Na alikuwa na haki. Maisha yangu yote nimewapaka watu rangi, kisha nikasema ndivyo walivyokuwa. Aline alianza kulia tena kimyakimya. Kule dirishani yule shangazi aliikumbatia chupa yake kama anayejiandaa kuondoka.

Basi nikafanya jambo ambalo hatumfanyii mteja kamwe. Nilimwonyesha picha inavyopikwa jikoni. Nikasimamisha picha pale Aline aliposhika glasi, nikazima efekti ya juu, kisha iliyofuata, kisha ya mwisho, mpaka hema likarudi lote na kila kitu kikawa bluu. Kitambaa kikawa kahawia kama kwenye simu.

"Hivi ndivyo kamera ilivyoona," nikasema. "Sijagusa kitu. Sasa mama, usitazame kitambaa. Tazama glasi."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa ameshainuka kwenye kiwiko. "Mana yanjye, Mungu wangu! Hiyo ni maziwa gani ya bluu?"

"Ni maziwa ya ng'ombe gani?" nikamuuliza Consolata.

"Hakuna ng'ombe wa maziwa hiyo," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo.

"Ni hema. Mimi sitagusa nguo. Nitayafanya maziwa yawe maziwa, basi. Wewe uniambie yakifika."

Nikaishika ile efekti ya kwanza, nikaivuta polepole, kama Déo alivyofanya siku ile na gauni la zeituni. Bluu ikaanza kuondoka. Consolata aliinua kidole. "Bado." Nikavuta. "Bado kidogo." Nikavuta tena, povu la maziwa likawa jeupe kabisa. "Hapo," akasema, na akiwa bado anasema hivyo macho yake yakatoka kwenye glasi yenyewe, yakapanda mkononi mwa binti yake, yakafika begani.

Consolata alinyoosha mkono, akagusa skrini kwa kidole gumba na cha pili, akasugua, vile tunavyopima kitambaa dukani kabla ya kuuliza bei. Alisugua kwa muda. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Yangu pia yalinitoka, siwafichi.

"Fundo liko chini sana," akasema mwishowe. "Bega yote iko nje. Nani alimfunga?"

Kutoka dirishani, kwa sauti ndogo kuliko mwili wake, "Mimi."

"Nilijua."

"Nilifunga mara mbili, wifi. Ilikuwa inateleza. Nilisema wewe ungekuwepo ungefunga vizuri."

"Tangu uko msichana haujui kufunga mushanana," Consolata akasema. Alikuwa bado anatazama skrini. Nikabonyeza picha iendelee, kwa kuwa sikujua mikono niiweke wapi. Wasichana wakaanza kucheza, ngoma ikalia kwenye spika ndogo, nikapunguza sauti. "Hiyo uji, umeweka sukari?"

"Kidogo. Vile unapenda."

"Leta, wifi."

Venantie alimimina kwa haraka, uji ukamwagikia shuka. Consolata akamshika kifundo cha mkono ili kikombe kitulie, akanywa hivyo, hakukishika kikombe chenyewe, alishika mkono. Alipomaliza hakuuachia. Aline alikaa katikati yao na mfuko wake wa plastiki. Filamu yangu iliendelea mpaka mwisho pale miguuni mwa kitanda, ng'ombe wakapita, wazee wakapeana mikono, na hakuna hata mmoja wao aliyeitazama.